Nani Atampa Pole Jason?

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti amenionya kwamba nikizidisha atakohoa. Mkisikia kikohozi basi, si mafua.

Naona wengine bado mnajifuta macho. Wengine mlitoka nje katikati ya filamu mmeweka simu sikioni, na simu zenyewe hazikuita. Niliwaona. Kuwaona watu wakati wanadhani hawaonwi ndiyo kazi inayonilisha. Kwa wasionifahamu, mimi ni mpiga video wa shughuli: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, na misiba. Misiba mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Nadhani ndiyo sababu nimeitwa mimi badala ya mtu aliyesomea filamu, maana mimi sikusomea. Kaka mmoja pale Kariakoo alinifundisha kushika kamera isitikisike, mengine nimeyaokota njiani.

Hii mliyoitazama inaitwa Rabbit Hole, yaani shimo la sungura, ya mwaka 2010. Ilianza kama tamthilia ya jukwaani ya David Lindsay-Abaire, ikachezwa Broadway, New York, mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikampatia tuzo ya Pulitzer. Mwandishi huyu amepata kusimulia kwamba mwalimu wake, Marsha Norman, aliwashauri wanafunzi waandike juu ya kitu kinachowatisha kuliko vyote. Wakati huo hakuwa na kitu cha namna hiyo. Kisha akapata mtoto, na kitu chenyewe akakipata. Naye aliyeiongoza filamu, John Cameron Mitchell, alifiwa na mdogo wake wa miaka 4 yeye mwenyewe akiwa na miaka 14. Kwa hiyo hapa hakuna aliyekuwa anabahatisha.

Naomba nianze na kitenzi chetu kimoja. Kufa, kufiwa. Walimu wa sarufi mliomo humu mtanisamehe. Danny, mtoto wa miaka 4, amekufa. Becca na Howie, mama na baba yake, wamefiwa. Kiswahili kinachukua kifo cha mtu mmoja kinakifanya kiwe jambo lililompata mwingine, na ukisikia tu "fulani amefiwa" unajua pa kwenda, uvae nini, ubebe nini. Sasa yuko mtu wa tatu. Jason, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa kwenye usukani siku ile mbwa alipochomoka getini na Danny akamfuata mbio. Jason hakufa. Jason hakufiwa. Ameua, lakini ukimwita muuaji umesema uongo. Tumwiteje? Hilo ndilo nililokuja nalo jioni hii, mengine yote nitakayosema yanalizunguka.

Kilichonigusa kwanza, kikazi, ni tarehe. Video ya msiba ina mpangilio wake. Siku ya kwanza napiga watu wakifika, vilio vya wanaotoka mbali, kamati imekaa pembeni na daftari la rambirambi. Siku ya pili mwili unaletwa kutoka mochwari, ibada, wasifu wa marehemu ukisomwa na mtu mwenye sauti nzito, mashada. Siku ya tatu tunaanua tanga. Masufuria yanarudi kwa wenyewe, maturubai yanashushwa, viti vya kukodi vinapakiwa, nami nazima kamera. Baada ya wiki mbili nakabidhi flashi yenye wimbo wa kwaya mwanzo na mwisho. Kazi imeisha.

Filamu hii inaanza mwezi wa nane.

Hakuna turubai. Hakuna anayepika. Becca yuko bustanini anapanda maua, anashindilia udongo kwa viganja, taratibu, kama mtu anayefunika kitu kilicholala. Jirani anakuja kuwakaribisha chakula cha jioni. Ni mama mwema kabisa. Anaongea, anatabasamu, na mguu wake umekanyaga mche. Becca anamjibu kwamba wanashukuru ila jioni hiyo wana shughuli. Hawana shughuli yoyote. Mimi mguu ule nimeurudia mara nne kwenye kompyuta yangu, kwa sababu nimewahi kuupiga. Sijui ni mara ngapi nimempiga mtu mwema akikanyaga mche.

Ndani ya nyumba kuna vita, na ni vita vya vitu. Becca anaondoa. Michoro ya mtoto kwenye friji anaibandua, nguo anazifua na kuzikunja vizuri na kuzipeleka kwa wanaogawia wenye shida, mbwa kapelekwa kwa bibi yake Danny, na nyumba anataka iuzwe. Howie anataka kila kitu kibaki palepale kilipo. Usiku, mke akishalala, anakaa sebuleni gizani na simu, anatazama kipande cha video cha mwanawe. Kipande kimoja tu, kilekile. Siku moja simu inapita mikononi mwa Becca na kile kipande kinafutika. Howie anawaka. Anamwambia hiyo haikuwa bahati mbaya, kwamba anamfuta mtoto wao. Becca anamuuliza kama kweli hamjui mkewe kiasi hicho, kama anadhani kugawa nguo na kufungia michoro kwenye maboksi kunamfanya asimwone Danny kila sekunde ya kila siku.

Hapo mimi nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Miaka kadhaa iliyopita familia moja ilinipigia kuuliza kama bado ninayo video ya besidei ya binti yao. Nakala yao ilikuwa imeharibika. Yangu nilikuwa nimeifuta mwezi uliotangulia, nilitaka nafasi ya kuhifadhi harusi. Mtoto alikuwa amefariki wiki ileile. Nikamwambia baba yake: haipo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, asante." Asante! Tangu siku hiyo sifuti kitu. Ninazo diski kumi na moja ndani ya kabati la vyombo la mke wangu, na mke wangu ana maoni yake kuhusu jambo hilo. Zikumbukeni hizo diski, nitazirudia.

Basi, tuingie kwenye pole. Becca na Howie wanahudhuria kikundi cha wazazi waliofiwa, wanakaa kwenye viti vilivyopangwa duara kila mtu anasema lake. Wapo mume na mke wanaosema Mungu alimchukua binti yao kwa kuwa alihitaji malaika mwingine. Becca anawauliza: huyu si ndiye Mungu, si angemuumba tu huyo malaika? Mlicheka humu ndani. Kisha kicheko kikakatika, na nilipenda namna kilivyokatika, kwa sababu kila mmoja alikumbuka alivyosema mwenyewe wiki iliyopita. Sisi tuna yetu. Kazi ya Mungu haina makosa. Nimeyaandika maneno hayo kwa herufi za rangi ya dhahabu mwanzoni mwa video nyingi mno, yakiinuka kutoka chini kwenye mawingu, na wateja ndio wanaoyaomba. Siyadharau. Yapo yanayomshika mtu asianguke. Ninachosema ni kwamba Becca hayawezi, na filamu haimwadhibu kwa kutoyaweza, wala haimwongoi ifikapo mwisho. Kikundi anakiacha. Howie anabaki, lakini naye anaishia kuvuta bangi garini na mama mwenzao wa kikundi kabla ya kuingia mkutanoni. Mama huyo ni Gabby, aliyeachwa na mumewe. Nilipoiona sehemu hiyo nilicheka kwa sauti. Kila msiba una watu wawili nyuma ya nyumba, jamani. Kila msiba.

Becca mwenyewe si mtu wa kupendeka kirahisi. Dukani anamkaripia mama asiyemjua kwa sababu amemnyima mtoto wake pipi, kisha anamzaba kibao. Mdogo wake, Izzy, ni mjamzito, na yeye anampa nguo za Danny kana kwamba anampa sufuria. Mama yake, Nat, alifiwa na mwanawe mtu mzima aliyekufa kwa heroini, na kila Nat akijaribu kusema "mwanangu pia" Becca anamkata: usiwafananishe. Nasikia hapo mbele mtu anaguna. Ndiyo, mama, anakera. Nicole Kidman, aliyemcheza na ambaye pia alikuwa mmoja wa watayarishaji, alipendekezwa kuwania Oscar kwa uigizaji huu, na nadhani ni kwa sababu hakumwombea Becca huruma hata kidogo. Amekauka. Tumezoea mfiwa anayelia. Asiyelia tunamsema jikoni.

Sasa Jason.

Becca anamwona kwenye basi la shule. Analifuata kwa gari. Kesho yake tena. Anamfuata hadi maktaba, anaazima kitabu kilekile alichokirudisha. Ukiwa hujui habari utadhani ni mwanamke aliyechanganyikiwa na anakwenda kufanya jambo baya, na muziki haukusaidii kujua. Hatimaye Jason anamgundua, na wanakaa kwenye benchi bustanini. Mmeona wanavyokaa. Katikati yao pana nafasi ambayo mtoto mdogo angetosha. Sisemi mwongozaji alikusudia. Mimi ni mpiga video, naona nafasi.

Aliyemcheza Jason ni Miles Teller, na ilikuwa filamu yake ya kwanza kubwa. Yale makovu usoni si ya vipodozi. Teller alinusurika ajali mbaya ya gari mwaka 2007. Kamera ingeweza kuyakwepa, kuna njia mia za kuyakwepa, ungeweka taa upande wa pili tu. Imeyaacha.

Wanaongea nini? Karibu hakuna. Shule, chuo, kitabu. Jason anachora hadithi ya katuni juu ya mwana wa mwanasayansi anayemtafuta baba yake kupitia mashimo yanayounganisha malimwengu. Ni wazo ambalo wanafizikia wenyewe wamelibishania tangu Hugh Everett alipoliandika mwaka 1957, kwamba huenda kila linaloweza kutokea linatokea mahali fulani. Becca analisikiliza kwa makini kuliko alivyomsikiliza yeyote kwenye kile kikundi. Ina maana, anasema, mahali fulani yupo Becca mwingine ana raha zake, na hii ya hapa ni nakala yetu ya huzuni tu. Hebu fikirini. Ya malaika ameyakataa, na ya malimwengu sambamba ameyapokea, na hakuna hata moja analoweza kulithibitisha. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani yale ya malaika yaliletwa na watu waliotaka anyamaze. Haya yameletwa na kijana ambaye naye anatafuta mlango.

Halafu Jason anasema neno lake. Kwamba siku ile huenda alizidisha mwendo kidogo. Huenda. Hana hakika, ila ameona Becca alijue. Na mimi, kwa mazoea ya Bongo Muvi, nikajiandaa. Nikajua sasa mvua itanyesha, kijana atapiga magoti, mama ataweka mkono kichwani pake, "nimekusamehe mwanangu", kinanda kitaingia. Ningekuwa mimi ningekiweka kinanda, siwafichi. Hakuna. Neno msamaha halikutumika kama ufunguo. Becca anakaa na alichoambiwa, kama unavyopokea chenji.

Maana hesabu yenyewe ya siku ile iko hivi: mbwa alimfukuza kindi. Howie hakulikagua lango kama limejishika. Izzy alipiga simu na Becca akaingia ndani kuipokea. Jason alikuwa anapita, labda kasi kidogo. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja usiku anakitoa na kukigeuza. Ndani ya nyumba vipande hivyo haviwezi kuwekwa mezani, kwa sababu ukiweka chako umemgusia mwenzako chake. Ukisema simu, umemtaja Izzy. Ukisema lango, umemtaja mume wako. Jason ndiye peke yake aliyekuja na kipande mkononi akakiweka juu ya benchi bila kuulizwa. Huo ndio urafiki wao, kama neno urafiki linafaa. Sikubaliani na wanaosema Becca amepata mtoto badala ya mtoto. Amepata mtu wa pili aliyekuwepo.

Ingawa... ngojeni. Kuna ile jioni Becca amekaa garini nje ya nyumba ya kina Jason, na kijana anatoka amevaa suti kwenda kwenye dansi ya kumaliza shule, na binti amevaa gauni, na wazazi wanapiga picha. Hapo ndipo Becca analia. Filamu nzima tunamngoja, na analia hapo, peke yake, vioo vimefungwa, kwa ajili ya suti ya mtoto wa watu. Kwa hiyo labda wanaosema hivyo hawajakosea sana. Nimeacha mambo yote mawili yakae.

Howie anapojua, anakasirika, na simlaumu. Jason anafika nyumbani kwao mwenyewe, kaleta ile katuni imekamilika, wakati nyumba ina wageni waliokuja kuikagua wainunue. Howie ameumia mara mbili, kwa kijana kuwa mlangoni pake na kwa mke wake kuwa na sehemu ya kwenda ambayo yeye hakuijua. Watu wengi humu mtamwelewa Howie kuliko Becca. Ningekuwa na kijana wangu amegongwa, sijui kama ningeweza kuitazama katuni.

Sasa niwavushe kidogo kutoka New York.

Jason alikaa. Kwenye ajali ile alisimama, akabaki, polisi wakaja, ikaonekana ni ajali, akaendelea na shule. Kwetu Jason angekimbia. Tuseme ukweli. Dereva akigonga mtoto kijijini anachokiwaza kwanza ni miguu yake, na hakiwazi kwa ubaya. Anaijua ile sentensi ya magazeti yetu, "wananchi wenye hasira kali". Dereva mwenye akili anakwenda moja kwa moja kituo cha polisi kujisalimisha, wengi wao wanafanya hivyo, na wananchi wenye hasira kali wanabaki na gari. Kwa hiyo mama wa mtoto hamwoni. Pengine hatamwona maisha yake yote, labda siku moja mahakamani kwa mbali. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 linasema watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Tunaisoma hesabu hiyo tunawawaza waliokufa, na wafiwa. Nyuma ya sehemu kubwa ya hesabu hiyo yupo mtu aliyeshika usukani akabaki hai. Wapo walevi, wapo waliokuwa wanachati, hao siwatetei. Lakini wapo akina Jason, na ni wengi. Nani amewahi kwenda kwao na kusema pole?

Nat, yule bibi, anaulizwa na binti yake kama maumivu haya huwa yanaisha. Wako chini ghalani na maboksi ya vitu vya Danny. Anamwambia hayaishi, ila yanabadilika uzito. Mwanzo yamekulalia juu. Baadaye unaweza kutoka chini yake ukatembea nayo, yakawa kama tofali mfukoni. Siku nyingine unasahau kama lipo, kisha unatia mkono mfukoni kwa shida nyingine kabisa, na lipo. Na hutaki likutoke, kwa sababu ndilo ulilonalo badala ya mtoto. Naomba mniruhusu niongeze langu: Jason naye analo. Tena yeye amelibeba bila daftari la rambirambi.

Nimalizie na tanga moja, karibu na Morogoro, miaka sita iliyopita. Sitataja kijiji. Mtoto wa darasa la pili, alikuwa anavuka akitoka shule, akagongwa na gari la kubeba mchanga. Dereva alikuwa kijana wa kijiji cha pili, alikuwa mahabusu. Siku ya pili, baada ya mazishi, napita na kamera kuchukua zile picha za kuziba mapengo, mikono inaosha vyombo, moshi, watoto chini ya mwembe. Nikamwona mama mmoja mtu mzima amekaa kando ya pipa la maji, nje kabisa ya turubai, hana mkeka, amekalia ndala zake. Pembeni yake kuna mfuko wa sukari, kilo mbili, haujafunguliwa. Hakuna aliyempokea na hakuna aliyemfukuza. Wanawake walikuwa wanakuja kuteka maji pipani pale, wanamzunguka, kama unavyozunguka kisiki.

Mjomba mmoja akaniwahi. "Huyo usimpige, ni mama wa dereva."

Nikashusha kamera, ila sikuizima. Niliishika kiunoni, hii ni tabia mbaya tuliyo nayo wapiga video na naikiri mbele yenu. Kwa hiyo picha imekaa upande, ardhi kubwa, mbingu ndogo. Na ndani yake anaingia mfiwa. Mama wa mtoto mwenyewe, ambaye tangu jana alikuwa ameshikwa mabega na shangazi wawili, ametoka ndani peke yake, amekwenda pipani. Nilidhani anakwenda kunawa. Akasimama mbele ya yule mama. Halafu akakaa. Chini, kwenye udongo uliolowa maji ya pipa. Hawakukumbatiana. Sikusikia neno, na kipaza sauti changu ni kizuri. Wamekaa, mabega yanakaribia kugusana, wote wanatazama mbele kama watu wanaosubiri basi. Baadaye mfiwa akavuta ule mfuko wa sukari akauweka mapajani pake. Basi. Shangazi wakatoka, wakamwinua, wakamrudisha ndani, na mfuko akaenda nao.

Familia ilipokuja kuhakiki video, wazee wakasema ile sehemu itoke. Nikaitoa. Nilielewa, kesi ilikuwa bado iko mahakamani, na watu wa ukoo walikuwa wanasemana. Kwenye flashi yao haipo. Lakini nimewaambia mimi sifuti kitu.

Mwaka juzi yule mama mfiwa alinipigia. Namba ameipata kwa mtu. Akaniuliza moja kwa moja, bila kuzunguka: ile sehemu ya pipa unayo? Nikamwambia ninayo. Akaja Jumapili baada ya ibada, na flashi yake mwenyewe mpya bado imo kwenye karatasi. Nikatafuta kwenye diski ya saba. Dakika mbili na sekunde chache. Akaitazama imelala hivyohivyo upande, shingo kainamisha, akasema rudisha, nikarudisha, mara tatu. Mke wangu akaleta chai, ikapoa.

Akaniuliza kama naweza kuikuza picha. Nikamuuliza aone nini. Akasema anataka kusoma jina la kanga aliyovaa yule mama wa dereva. Siku ile alikuwa ameisoma, wakati anakaa, na ameisahau, na amejaribu kuikumbuka miaka yote hii. Yule mama alikwishafariki, hakuna wa kumuuliza.

Nikaikuza mpaka ikawa viboksi vya rangi. Nyekundu, nyeusi, nyeupe kidogo. Herufi zinaonekana zipo, lakini kanga imekunjwa magotini, na maandishi yameingia ndani ya mkunjo.

Akasema nimwekee tu kwenye flashi.

Mwenyekiti amekohoa. Maikrofoni anayo yule kijana mwenye shati la kijani. Nani anaanza?